Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi, Busia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa wa Afya wa Wilaya, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu na walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Pokea salamu za heshima kutoka kwetu, wanachama wa Klabu ya Baiolojia. Karibu sana.

Mheshimiwa, habari za seli, tishu, ogani na mifumo tumezibandika pale mlangoni, na mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza atakusomea bila kutazama ukutani. Leo tumeona heri tukuonyeshe kilichopo mezani: bomba la hewa, mapafu na moyo wa mbuzi, vikiwa bado vimeshikamana kama vilivyotoka kifuani. Chati huchora moyo peke yake na mapafu peke yake. Mtu akizoea chati hujiuliza damu inaruka vipi kutoka hapa hadi pale, ilhali mshipa unaonekana kwa macho na kushikika kwa kidole.

Mbuzi si mtu, na tofauti tunazitaja mapema ili mtahiniwa asiende nazo kwenye mtihani. Bomba la hewa la mbuzi huchomoza tawi moja la kwenda juu ya pafu la kulia kabla halijagawanyika mara mbili. Kwa kawaida mtu hana tawi hilo. Figo ya mbuzi ukiipasua ndani ina ncha moja tu ya kumwagia mkojo, ya mtu ina kadhaa. Figo ya nguruwe ndiyo inayokaribia zaidi ya kwetu, lakini klabu ina Waislamu, kwa hiyo hiyo tumeiacha, wala hatuoni kama tumepungukiwa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Buchani agizo hupelekwa jana yake, na mchinjaji huambiwa akate juu kabisa, chini ya zoloto, asiuchomoe moyo kwenye mapafu. Mpira wenye unene wa sentimita 1 huingizwa kwenye bomba la hewa na kufungwa kwa uzi wa katani, kisha hewa husukumwa kwa pampu ya baiskeli. Kupuliza kwa mdomo ni marufuku kwetu: majimaji ya mapafu hurudi na mpira, na mbuzi anaweza kuwa na vijidudu vinavyoambukiza mtu. Mapafu hulowanishwa kila mara, kwa kuwa yakikauka hupasuka. Ukiacha kusukuma, yanasinyaa yenyewe, hakuna anayeyabana. Ndivyo pumzi inavyotoka kwa mtu aliyetulia. Jambo moja tu pampu inadanganya: kwetu hewa haisukumwi, huvutwa, pale kiwambo kinaposhuka na mbavu kupanda.

Mtu mzima aliyetulia huvuta takribani mililita 500 kwa pumzi moja. Katika hizo, kama 150 hubaki kwenye mabomba na hazifiki kwenye vifuko vya hewa, mahali damu inapochukua oksijeni. Ndiyo maana mgonjwa anayehema upesiupesi kwa pumzi fupi za mililita 200 anazama huku kifua kinacheza: kila pumzi inafikisha 50 tu. Tunaomba wazazi walishike hilo, kwa sababu mtoto mwenye nimonia huhema hivyohivyo, na watu husema “anapumua vizuri, tena haraka.”

Sasa moyo, Mheshimiwa, ambao ndio hasa tuliokuitia.

Ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu nje, ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia. Upande wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu yaliyo jirani, kwa shinikizo la kama milimita 25 za zebaki. Wa kushoto huifikisha kichwani hadi vidole vya miguu, nao huhitaji 120. Pasua kiambaza kilicho katikati yao utafute tundu. Hulipati. Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga walimwamini Galen, tabibu wa kale, kwamba damu hupenya hapo kwa vitundu visivyoonekana, hadi tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis alipoandika katika karne ya 13 kwamba haipenyi, bali huzunguka kupitia mapafu. Tabibu Mwingereza William Harvey alichapisha habari za mzunguko mzima mwaka 1628.

Kupima vali ya aota, yaani mlango wa mshipa mkuu unaotoa damu moyoni usioiruhusu kurudi, osha kwanza madonge ya damu, shika moyo wima na umimine maji kwenye aota. Vifuko vitatu hujaa, vinakutana katikati, na maji husimama. Tazama tena baada ya muda: yanashuka polepole. Vali haijaharibika. Juu yake kidogo kuna matundu mawili, ndiko inakoanzia mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Tia rangi ya chakula kwenye maji na utaiona ikipenya chini ya mafuta ya nje. Maji yakipita moja kwa moja, kosa ni la kisu: aota imekatwa fupi na vali imekwenda nayo. Zibaki sentimita 4.

Vali iliyo kati ya atria, chumba cha juu, na ventrikali ya kushoto ina vipande viwili vyembamba, vimefungwa kwa nyuzi kwenye misuli mfano wa kamba za hema. Hiyo ndiyo inayoharibiwa zaidi na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kooni. Mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, anaumwa koo kwa bakteria aina ya streptokokasi; wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili wake inaishambulia pia tishu yake mwenyewe. Viungo vinavimba, goti leo, kiwiko kesho. Vali inavimba, inapona kwa kovu, haifungi tena vizuri, na damu inarudi ilikotoka. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, homa hiyo huzuilika. Koo lenye mafua na kikohozi mara nyingi ni la virusi, halihitaji dawa hizo. Koo lenye homa bila mafua, na tezi za shingo zinazouma, lipelekwe kituoni.

Kwa walioanza kuathirika bila dalili, utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka miwili iliwaacha chini ya asilimia 1 wakizidiwa, dhidi ya zaidi ya asilimia 8 waliokosa sindano. Watoto hao waligunduliwa kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, si kwa kusubiri wazimie uwanjani.

Changamoto zetu ni chache. Mkaguzi wa nyama hukata mapafu na moyo kutafuta minyoo na uvimbe, na ni haki yake; lakini pafu lililochanjwa halijai hewa. Tunaomba utuombee kwake seti moja isiyokatwa kwa kila somo la vitendo, iwekwe alama ya kutoliwa, nasi tutaifukia. Darubini tuliyonayo lenzi yake kubwa imeingia ukungu, hivyo chembe nyekundu za damu tunazisimulia tu. Glavu pia zinaisha. Na ombi kubwa kuliko yote: mara moja kwa mwaka, utuletee mtaalamu na kipimo hicho cha moyo awapime wanafunzi wa shule hii na wa shule za msingi jirani, na penisilini isikosekane kituoni wakati majibu yanatoka.

Tunaomba kuwasilisha.