Mapishi ya gazetini yafuate msimu

Mhariri,

Mvua za masika zinaponyesha, kati ya Machi na Mei, masoko ya pwani na mikoa ya jirani hujaa majani: kisamvu, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha, mnavu, mgagani. Fungu linanenepa na bei inashuka, na ikifika jioni muuzaji anakuongezea konzi nzima ili asirudi na mzigo nyumbani. Lakini ukifungua kurasa za mapishi za magazeti yetu miezi hiyohiyo, unakutana na pilipili hoho za rangi tatu, uyoga wa kopo na kiungo cha pakiti. Naomba kurasa hizo zifuate msimu, na zieleze sababu ya kila hatua. Kumwandikia mtu "chemsha hadi iive" si kumsaidia. Anachotaka kujua ni kwa nini kisamvu chake kilikuwa kichungu na kwa nini tui lilikatika.

Nianze na kisamvu, maana ndicho kinachoharibiwa kuliko mboga zote, na kosa lake haliishii kwenye ladha. Majani ya muhogo yana kemikali inayozaa sumu ya sianidi. Jani likiwa zima, kemikali hiyo imetengwa na kimeng'enya kinachoivunja. Ukilitwanga, viwili hivyo vinakutana, sianidi inatoka, na moto unaipeperusha hewani. Ndiyo maana desturi ni kutwanga kwanza, kupika baadaye. Siku hizi wengi wanachemsha majani mazima ili yalainike, ndipo wanatwanga. Mkono unapumzika kweli, lakini moto unakuwa umekiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na sehemu ya sumu inabaki mbogani.

Kwa watu sita, chuma majani machanga ya ncha, toa vijiti, osha, kisha twanga pamoja na punje nne za kitunguu saumu mpaka usione tena kipande cha jani. Kinu kikiwa kimejaa sana majani yanakimbia mchi, kwa hiyo twanga kidogokidogo. Unahitaji vikombe vinne vya kisamvu kilichotwangwa. Kiache kikae robo saa, kisha kitie kwenye sufuria na vikombe vinne vya maji, kichemke nusu saa bila kufunikwa. Hapo kwenye mfuniko ndipo watu wanapokosea kwa nia njema, wakibana mkaa. Mvuke ndio unaoondoka na sumu. Ukiufunika unaurudisha chunguni. Ukipenda kubana mkaa, bana baadaye, tui likishaingia.

Anayenunua kisamvu kilichosagwa kwa mashine sokoni anunue asubuhi na akipike siku hiyohiyo. Majani yaliyosagwa yanachacha haraka kwenye joto, na ule uchachu hakuna kiungo kinachoufuta. Kinuse kabla ya kulipa: kisamvu kizuri kinanuka majani mabichi. Na kama unaweza kuchagua, chukua majani ya muhogo mtamu, maana ya muhogo mchungu yana sumu zaidi na yanataka kuchemka muda mrefu zaidi.

Kisamvu kikiwa jikoni, anza kukuna nazi. Nazi nzuri ukiitikisa inacheza maji; kavu kabisa isiyo na sauti mara nyingi imeoza ndani au imeshaanza kuota. Ukishakuna moja kubwa, mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua kwenye kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia mara mbili kwenye chicha ileile, kila mara kikombe kimoja na nusu, upate tui jepesi. Maji ya baridi hayafai sana kwa sababu mafuta ya nazi yanaganda kwenye ubaridi na hayatoki vizuri.

Tui jepesi linaingia pamoja na kitunguu kilichokatwa, kikombe kimoja cha kunde zilizochemshwa pembeni, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Pika kwa moto mdogo dakika ishirini na tano hivi, mpaka mboga inakuwa nzito na maji hayaogelei juu. Sasa mimina tui zito na usiondoke. Koroga taratibu upande mmoja, ukipakua kwa mwiko na kumimina tena, mpaka lichemke. Hizi dakika tano au sita ndizo zinazoamua kama mboga itakuwa laini au itakuwa na mabonge meupe yaliyotengana na mafuta. Tui linakatika kwa sababu mbili: limepigwa na moto mkali bila kukorogwa, au limekutana na ukali mapema, kama ndimu, ukwaju au nyanya mbichi. Ukitaka ndimu, ikamue sahani ikiwa mezani. Ina faida nyingine pia: ndimu ina vitamini C, nayo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, kwa hiyo isubiri saa moja baada ya chakula, hasa kwa mjamzito.

Mbali na pwani, ambako nazi ni ghali, karanga zinafanya kazi hiyohiyo. Kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa, koroga kwanza kwenye maji ya baridi usipate madonge, kisha mimina. Kabla ya kuzitwanga, zichambue moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, wala usimpe kuku, kwa sababu inaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Onyo hili gazeti linaweza kulirudia kila msimu wa mavuno na bado lisiwe limesema kupita kiasi.

Majani laini kama mchicha na matembele yanataka kinyume cha kisamvu: moto mkali na muda mfupi. Osha kwanza, kata baadaye. Ukikata kwanza, vitamini inaondoka na maji ya kuoshea. Na unapoosha, nyanyua majani kutoka kwenye beseni. Usimwage beseni zima juu ya chujio, maana mchanga ulioshuka chini unarudi palepale ulipotoka. Mara tatu zinatosha. Kaanga kitunguu na nyanya moja kwa vijiko viwili vya mafuta, tia majani yakiwa bado yana unyevu wa kuoshwa, geuza, dakika tano, epua. Maji ya ziada hayahitajiki. Chumvi itiwe mwishoni, kwa sababu ukiitia mapema majani yanatoa maji yote na badala ya kukaangika yanachemka. Mafuta si anasa hapa. Vitamini A ya mboga za majani haichukuliwi vizuri na mwili bila mafuta, kwa hiyo mboga chukuchuku, hata ikiwa bakuli zima, inampa mtoto kidogo kuliko inavyoonekana.

Kuhusu magadi: yanalainisha upesi na kuacha mboga ya kijani inayovutia, lakini yanaua vitamini C na B1. Kwa mlenda na makande kila jamii ina desturi yake na sitaki kuigusa. Kwa mchicha hayana kazi, kwa kuwa mchicha haukuwahi kuwa mgumu. Mnavu na mgagani, ambao watu huuchemsha na kumwaga maji mara mbili au tatu kukimbia uchungu, mwaga mara moja tu, kisha changanya nusu kwa nusu na mchicha, au malizia kwa kikombe cha maziwa au karanga. Uchungu unapungua na mboga inabaki mboga.

Jambo la mwisho, nalo linanisikitisha zaidi, ni majani yanayooza sokoni mwezi wa Aprili wakati Septemba tutayatafuta kwa bei mara tatu. Usukumani wanajua nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na Dodoma mlenda mkavu unakaa ndani mwaka mzima. Kazi yenyewe ni ndogo. Chambua majani ya kunde, yatumbukize kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili, yachuje, yatandaze kwenye ungo safu moja, funika kwa kipande cha chandarua kisafi. Weka kivulini penye upepo. Jua kali linakausha haraka lakini linababua rangi, na vitamini A inaondoka nayo. Masika yakikomaa kwa mvua za kila siku, kivuli hakitoshi na majani yanaota ukungu. Basi subiri siku kavu za mwishoni mwa Mei. Yamekauka pale yanapovunjika mkononi kwa mlio. Yakijikunja tu, yarudishe kwenye ungo, kwani unyevu huo mdogo utaharibu mtungi mzima. Yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, mbali na mwanga. Siku ya kupika, loweka konzi mbili kwenye maji ya moto nusu saa, pika na maji hayohayo ya kulowekea, na malizia kwa karanga.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga