Mjomba, kijana wako hakukosa adabu

Mjomba, salamu nyingi kutoka Kampala, natumaini miguu imepoa na Busia kuko sawa, malori bado yamepanga laini mpaka kule mbali kama kawaida. Hii barua naiandika wazi kila mtu asome kwa sababu na wewe maneno yako uliyasema kwa grupu ya familia wote tukasikia, na tena kuna watu wengi wanawaza kama wewe, hapa kibandani Kisenyi nawasikia kila wikendi wakati tunangoja mechi ianze.

Ile voisi yako ndefu ulisema kijana wako kule Uingereza, shabiki wa Sheffield Wednesday, amekosa adabu, eti mtu ameshalipia tiketi alafu anakaa nje ya uwanja makusudi ili mwenye timu aaibike. Ukasema mwenye timu ni kama mwenye duka, anauza anavyotaka, kama hutaki nenda duka lingine. Na ukasema yule mzee wa Thailand, Chansiri mwenye timu, ametoa pesa ya mfuko wake miaka kumi, sasa hawa ni nani wa kumfukuza. Mjomba nakuheshimu, wewe ndio ulinifanya nikawa mtu wa Jogoo, SC Villa yetu, kabla sijajua kusoma vizuri, lakini kwa hili nasimama na binamu yangu na nitakueleza kwa nini.

Kwanza nikubali ukweli mmoja ambao hata kijana wako anaukubali. Dejphon Chansiri alipoinunua Sheffield Wednesday 2015 alileta pesa, na mwanzoni watu walimpenda. 2016 wakafika Wembley fainali ya kupanda Premier League wakafungwa na Hull bao moja, mwaka uliofuata wakatolewa nusu fainali na Huddersfield kwa penati. Kama angesimama hapo na mahesabu yake yakakaa sawa leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini pesa ilikuwa inatoka kuliko inavyoingia, mishahara mikubwa, wachezaji wa bei, na walipokosa kupanda shimo likabaki wazi. Kulifunika wakauza uwanja, mjomba, Hillsborough yenyewe, ikauzwa kama pauni milioni 60 kwa kampuni ya huyo huyo Chansiri. Yaani klabu haina tena nyumba yake, nyumba iko kwa mwenye klabu. Ligi wakaangalia hiyo hesabu wakaona ina kasoro, wakakatwa pointi 12, rufaa ikazishusha zikawa 6, na mwisho wa msimu 2021 wakashuka daraja. Wangekuwa na zile pointi 6 wasingeshuka. Sasa niambie hapo mashabiki walikosa nini? Hakuna shabiki aliyesaini hiyo karatasi.

Alafu ikaja 2023. Huo mwaka kijana wako alikuwa anapiga simu usiku analia kwa furaha, wote tunakumbuka. Walifungwa 4 bila na Peterborough mechi ya kwanza ya nusu fainali ya kupanda daraja, wakarudi nyumbani wakalipa yote wakashinda kwa penati, alafu Wembley Josh Windass akaweka kichwa dakika ya 123 dhidi ya Barnsley, wakapanda. Furaha kama ile pesa hainunui. Na miezi michache tu baadaye, Septemba, mwenye timu akatoa taarifa kwamba hataweka tena pesa ya ziada, eti mashabiki hawana shukrani. Oktoba akasema klabu inadaiwa kodi na mishahara, inahitaji kama pauni milioni 2, na watu 20,000 wakitoa pauni 100 kila mmoja basi itapatikana.

Pauni 100 mjomba ni zaidi ya laki nne zetu. Aliwaomba watu ambao tayari wananunua tiketi kati ya zile ghali kabisa kwenye ligi yao. Mwenye duka wako huyo, amekuona uko na njaa, amekuuzia bei juu, alafu anakuomba umlipie na umeme. Na hilo duka lingine unalosema waende ni lipi? Mtu ambaye babu yake na baba yake walikaa jukwaa moja, timu iliyoanza 1867, hata Lugard yule mkoloni alikuwa hajafika Kampala, utamwambia ahamie Sheffield United, majirani wao? Wewe ungehamia Express, mahasimu wetu hapa Kampala? Jibu kwa moyo mweupe. Umekaa miaka 20 ukingoja Jogoo achukue kombe, kutoka 2004 mpaka 2024, na hukuhama.

Hapo ndio mfano wa duka unavunjika, mpira mteja hahami, na mwenye timu mbaya anajua hilo, ndio maana anaweza kufanya chochote. Silaha pekee ya shabiki ni kiti chake. Akikaa kwenye kiti ameshakubali, hata kama anazomea.

2025 ndio ikawa mbaya kabisa. Mishahara ikachelewa, ikalipwa, ikachelewa tena, na sio wachezaji peke yao, wafanyakazi wa kawaida pia, watu wa ofisi, watu wenye kodi ya nyumba na watoto shule. Mimi hapa ndio hasira inanipanda zaidi kuliko hayo ya pointi. Mchezaji mkubwa ana akiba kidogo, lakini yule anayefagia na yule wa kukata tiketi? Kocha Danny Röhl akaondoka. Windass, yule yule wa dakika ya 123, mkataba ukavunjwa akaenda, na Michael Smith vile vile. Msimu ukaanza na kikosi cha wachezaji wa kuhesabu na vijana wa akademi. Na mwenye timu anasema yuko tayari kuuza lakini bei anayotaka hakuna mtu anaifikia.

Ndio mashabiki wakajipanga. Mechi ya kwanza kule Leicester walikaa nje dakika tano za mwanzo, jukwaa lao likabaki tupu mpira unachezwa. Hakuna mtu alipigwa, hakuna kitu kilichomwa. Wakaendelea hivyo, hawanunui jezi, hawanunui bia ya uwanjani, hawanunui chochote ambacho pesa yake inaingia klabuni. Tarehe 22 Oktoba mechi na Middlesbrough wakasema hatuingii kabisa. Uwanja unaobeba zaidi ya watu 30,000 ukawa na 7,000 na kidogo. Kijana wako alikuwa mmoja wa wale waliobaki nyumbani, na najua aliumia, alinitumia ujumbe usiku ule mzima hakulala. Mtu asiyependa timu yake hawezi kukosa usingizi kwa mechi ambayo alikataa mwenyewe kuiangalia.

Siku mbili baadaye, Ijumaa, klabu ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni na Chansiri akatoka kwenye uongozi. Sisemi viti vitupu peke yake ndio vilimtoa, madeni yalikuwa yameshamfikia shingoni, kodi haijalipwa, mishahara haijalipwa. Lakini bila pesa ya mlangoni hakuwa na pa kuvutia pumzi. Wakakatwa pointi 12 hapo hapo wakaenda chini ya sifuri, na Desemba zikaongezwa 6 nyingine za yale makosa ya malipo, na yeye mwenyewe akazuiwa miaka mitatu asimiliki klabu yoyote ya ligi hizo za chini ya Premier League.

Sasa angalia kitu ambacho hukukisema kwa voisi yako, labda hakikukufikia. Kesho yake Jumamosi walicheza na Oxford, na wale wale uliowaita hawana adabu walirudi zaidi ya 20,000, foleni ya duka la klabu ikazunguka nje, watu wananunua skafu, jezi, vikombe, chochote tu, ili wasimamizi wapate pesa ya kulipa wafanyakazi. Walifungwa na bado waliimba. Hao ndio waliokuwa wanaiua timu kweli?

Najua utaniambia bila tajiri hakuna timu. Hata hapa kwetu unaona, klabu ikikosa mfadhili inahangaika mpaka nauli ya kwenda mechi ya ugenini. Hilo silikatai. Lakini nipe dakika nikuambie habari za Bury, mji mdogo kaskazini ya Uingereza, timu ya 1885 imeshachukua kombe la FA mara mbili. Iliuzwa Desemba 2018 kwa pauni moja, moja tu, kwa mtu anaitwa Steve Dale. Agosti 2019 mashabiki walikwenda uwanjani na mifagio na ndoo wakasafisha viti kwa sababu waliamini mnunuzi amepatikana. Usiku ule ule ligi ikawafukuza, hesabu hazikuthibitishwa. Walitii, walisubiri, walifagia, na timu ikatoka kwenye ligi iliyokuwa ndani yake tangu 1894.

Na Portsmouth unaikumbuka, ile ya Kanu, alifunga bao fainali ya FA 2008 kibanda kizima kikaruka hata wasio wake. Miaka miwili tu ikafilisika, wenye timu wanabadilishana kama karata, 2012 ikafilisika tena. Iliyokuja kuwaokoa 2013 ni pesa ya mashabiki, walichanga wengi wao pauni elfu kwa hisa moja, wakainunua, wakalipa madeni, wakaikuza, alafu 2017 wenyewe kwa kura yao wakamuuzia Michael Eisner, tajiri wa Marekani. Tajiri alikuja, ndio, lakini alikuja kupitia mlango waliomfungulia wao, baada ya kumuuliza maswali.

Hicho ndicho kijana wako anataka, mjomba. Hataki timu isiwe na tajiri. Anataka tajiri aulizwe kabla hajakabidhiwa funguo: pesa yako inatoka wapi, uwanja utabaki wa klabu au utauhamisha jina, mwezi ukiisha mfagiaji atalipwa? Kule Uingereza wametunga sheria Julai 2025 ya kuweka mdhibiti wa mpira atakayewapima wamiliki, na hiyo sheria haikushuka kutoka juu, ilitokana na kelele za watu kama yeye, wa Bury, wa Blackpool, wa kila mji uliochoka. Na hata Jogoo wetu, 2021 wanachama si walipiga kura kuchagua rais wa klabu? Ulijivunia siku hiyo. Miaka mitatu baadaye kombe likaja. Sisemi kura ndio ilifunga magoli, lakini watu walikuwa wamerudi kuiona timu kuwa ni yao.

Basi naomba kitu kimoja mzee wangu. Kijana anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, hiyo timu ndio watu wake kule, ndio majirani waliomkaribisha mwaka wa kwanza alipokuwa hajui mtu. Alisikia voisi yako na mpaka leo hajaandika kitu kwa grupu. Mpigie. Na kama baada ya haya yote bado unaona alikosea, mwambie yeye mwenyewe kwa simu, sio mbele ya shangazi wote, na mwache na yeye amalize kuongea ndio umjibu.