Mdogo wangu, karatasi ile haikutosha

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei, na hata arobaini ya mama hukuja Arua. Sijaisahau siku ile sebuleni, niliposoma karatasi yako ya ultrasaundi mbele ya shangazi na wageni wake, nikasema kwamba ovari zako zimejaa uvimbe na huenda usizae. Uliichukua, ukaikunja mara nne, ukaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ulikuwa na miaka 16. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 kuhusu PCOS, yaani ugonjwa wa homoni wa ovari zenye vifuko vingi, unasema picha hiyo ya ultrasaundi isitumike kuutambua kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo, kwani ovari za wengi wenye afya huonekana hivyo katika umri huo. Tena ule haukuwa uvimbe, bali vifuko vidogo vya mayai ambayo hayajakomaa.

Lakini nawe unielewe. Nililipia kipimo kile kwa mshahara wangu wa kwanza, na niliisoma karatasi kwa sauti ili shangazi aache kukuita mlafi. Nilikuwa nakutetea, ingawa nilikutetea vibaya.

Aliyekupima hakukuuliza hedhi yako hupishana siku ngapi. Mimi nilijua, maana tulilala chumba kimoja: ulikuwa ukikaa miezi mitatu, na nywele za kidevuni ulizing'oa usiku ukidhani nimelala. Hayo ndiyo yaliyopaswa kuulizwa kwanza. Kwa mtu mzima, tangu makubaliano ya wataalamu mjini Rotterdam ya 2003, ili ugonjwa huu uthibitishwe hutakiwa mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, iwe kwa dalili za mwilini au kwa kipimo cha damu, na ovari zenye vifuko vingi. Ukiwa na mawili ya mwanzo, picha haihitajiki. Hata hivyo daktari hana budi kuchunguza kwanza tezi ya shingoni, homoni ya prolaktini na tezi zilizo juu ya figo, kwa sababu hitilafu za huko huleta dalili zilezile.

Kwa hiyo huenda unao ugonjwa huu, huenda huna. Miaka yote hii umeishi na hukumu yangu, si ya daktari. Ukithibitishwa, waombe wakupime na sukari. Wengi wenye ugonjwa huu huzaa, baadhi yao kwa msaada wa dawa.

Niambie tarehe tu, nitume nauli. Kama hutaki niandamane nawe, sitakuja.

Dada yako