Barua kwa mwanangu: harusini sitakuja

Bukoba, 4 Aprili 2023

Mwanangu,

Salamu za hapa nyumbani. Sisi wazima, mvua inanyesha mchana na usiku. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu utanibembeleza, na ukinibembeleza nitakubali. Binamu yako ataipiga picha barua hii akutumie.

Tarehe 15 sitakuja Kampala.

Najua umeshaanza kunijibu kabla hujafika mwisho wa mstari. Utasema mpaka wa Mutukula uko wazi, na ni kweli. Utasema Shirika la Afya Duniani halijashauri watu wazuiwe kusafiri, nalo ni kweli. Utasema mimi nakaa mjini, na ugonjwa huu wa Marburg uko Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko. Mwanangu, Maruku si Ulaya. Ndizi ninazokula zinatoka huko.

Unakumbuka tulivyoanza. Tarehe 16 Machi tukaambiwa kuna ugonjwa usiojulikana. Siku tano baadaye Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akautaja jina: Marburg. Wagonjwa wanane, watano wameshafariki, na kati ya waliofariki yumo mhudumu wa afya. Watu zaidi ya mia na hamsini wakaanza kufuatiliwa. Siku zile tano za ugonjwa usio na jina ndizo zilizonitesa zaidi. Kila mtu alikuwa na jina lake la kuupa, na mengi yalikuwa majina ya majirani zake.

Sasa nikueleze hesabu yangu. Tarehe 18 Machi rafiki yangu wa jumuiya, wa upande wa Kanyangereko, alilala kwangu. Tulishikana mikono, tukala sahani moja. Baadaye nikasikia shemeji yake ameingia kwenye orodha ya wanaofuatiliwa. Nilikosa usingizi siku mbili, kisha nikaenda kumuuliza muuguzi. Akanieleza bila haraka, Mungu ambariki: virusi hivi huingia kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, damu, matapishi, jasho, au kwa kumshika maiti, mtu ambaye hajaonyesha dalili haambukizi, rafiki yangu hakumgusa mgonjwa yeyote, basi mimi simo kwenye orodha ya mtu. Hata hivyo nikahesabu kwenye kalenda ya kanisa zile siku 21 ambazo ugonjwa unaweza kujificha mwilini. Zinaisha Jumamosi hii, tarehe 8. Kwa kalenda, naweza kupanda basi.

Ninachoogopa ni malaria.

Usicheke. Ni masika, na wewe unajua masika haijawahi kupita bila mimi kulala siku mbili na homa. Sasa nipe picha hii: niko ukumbini kwenu, nimevaa gomesi yangu, watu mia tatu, nimeshashikana mikono na ukoo mzima wa mkeo, nimewabeba watoto wao. Usiku homa inapanda, kichwa kinagonga, natapika. Malaria ileile ya siku zote. Lakini mgonjwa ametoka wapi? Bukoba. Utanipeleka hospitali, na wao watafanya kazi yao kama inavyopaswa: nitawekwa pembeni peke yangu mpaka vipimo virudi, na karatasi itaandikwa majina ya wote niliowagusa. Mia tatu. Mkeo ataanza ndoa yake akipigiwa simu kila asubuhi kuulizwa kama ana homa. Majibu yakija kwamba ni malaria tu, nani atakumbuka majibu? Watakumbuka kwamba mama mkwe alileta Marburg.

Mimi haya niliyapitia. Ulikuwa hujazaliwa. Miaka ile ya themanini mwanzoni, ugonjwa ulipoanza kuua watu huku kwetu kabla haujaitwa UKIMWI, watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda. Nilikuwa chuo cha ualimu mkoa mwingine. Nikisema natoka Kagera, mtu anahama benchi. Wahaya tukawalaumu wa ng'ambo ya mpaka, wengine wakatulaumu sisi. Kwa hiyo akitokea mtu hapo Kampala akakwambia Marburg ni ugonjwa wa Wahaya, mwambie hilo ni jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko waliugua baada ya kushughulika na tumbili, na tumbili wenyewe walitoka Uganda. Mwambie kwa upole lakini, atakuwa shemeji yako.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya nikatae kubembelezwa. Mwaka jana, Ebola ilipoingia Mubende mwezi wa Septemba, wewe ulikuwa Kampala, hukuwa Mubende. Desemba ulitaka kuja Krismasi. Nilikukatalia. Na sikukukatalia vizuri. Nilikwambia, "Usituletee mambo," kama vile ni wewe uliyeyatengeneza. Tulikula Krismasi bila wewe, nikawaambia wageni umebanwa na kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa ugonjwa kidogo, nikaogopa majirani sana. Januari tarehe 11 Uganda ilipotangaza kwamba umekwisha, ulinitumia ujumbe mmoja tu: "Sasa naruhusiwa?" Sikukujibu siku ile. Nakujibu leo: ulistahili kuombwa, si kufukuzwa. Nisamehe. Lakini kukuzuia wewe usivuke Mutukula Desemba, halafu mimi nivuke Aprili kwa sababu safari hii ni furaha yangu, hapana.

Najua si kitu kimoja. Ile ilikuwa Krismasi, huja kila mwaka. Hii ni harusi yako. Nimelia, kama unataka kujua, nimelia jikoni ili baba yako mdogo asione.

Kuahirisha usiahirishe. Ukumbi mmelipia, na huku hata mgonjwa wa mwisho akipona leo, watahesabu siku 42 bila mgonjwa mpya ndipo watangaze umekwisha. Kiti changu akikalie mama yako mkubwa wa Masaka, huku hajakanyaga tangu mwaka jana. Gomesi yangu haitamtosha, asijaribu.

Wakwe zako waambie ukweli. Tafadhali usiseme "mama anaumwa". Katika udhuru wote duniani, mwaka huu, kutoka Bukoba, huo ndio usiofaa. Waambie mama ni mzima, ameamua kungoja, atakuja siku ikitangazwa, na atawapikia mwenyewe. Wataelewa. Watu walioishi na Ebola miezi minne hawahitaji kuelezwa sana.

Safari ile sitarudia makosa ya Februari, nilipokuja kwa wakwe zako. Bado naona haya. Nimebeba senene wa kukaanga kilo mbili, nimejisifu njia nzima, kumbe binti ni wa ukoo wa Nsenene, kwao ni mwiko kuwala! Ssenga wake, yaani shangazi yake, alivyonitazama! Ungeniambia mapema, mwanangu, na wewe. Tulikuja kuwamaliza sisi wenyewe ndani ya basi, kabla ya kufika Masaka.

Misa itakapoanza nipigie kwa video, simu umpe mtu mwenye mkono uliotulia, si rafiki yako yule wa kucheza. Nitakuwa nimevaa.

Kahawa nimeifunga kwenye majani ya mgomba, itafika na basi la Alhamisi tarehe 13. Mpe baba mkwe wako mkononi. Ni ile ya kutafuna, imeshachemshwa na kukaushwa. Asije mtu akaitwanga.

Mama yako