Sikulala, Nilikuwa Nasikiliza

Ndugu Mhariri,

Mimi ndiye yule mzee wa ukurasa wa 9. Utaikumbuka taarifa yenu ya Jumapili kuhusu onyesho la muziki wa majaribio na picha za kumulikwa ukutani, pamoja na ile picha iliyomeza nusu ukurasa: mtu mwenye kipara, kidevu juu, mikono tumboni, na chini yake maneno "Mmoja wa watazamaji akiwa amezidiwa na usingizi." Nimesoma gazeti lako miaka 19 bila kukuandikia hata mstari. Nilivumilia hata mafumbo ya maneno ambayo majibu yake hayaenei kwenye miraba. Lakini kulazwa nikiwa macho, hapana.

Nilifumba macho kwa makusudi. Dakika kumi za kwanza niliyakodoa kama wenzangu. Kulikuwa na mvumo mzito, ule unaosikika tumboni kabla ya masikioni, na ndani yake sauti nyingine iliyopanda taratibu mno, huwezi kusema imepanda lini. Kitu kizuri kabisa. Ila kila nilipokaribia kuishika, ukutani likaruka duara jekundu, mara mistari, mara jicho la samaki kubwa kama basi, na masikio yangu yakatoroka kwenda kulitazama. Nikafumba. Ndipo muziki ulipoanza. Sauti mbili zikikaribiana sana huanza kugombana: zikitofautiana kwa mitetemo 3 kwa sekunde, utasikia mapigo 3 kila sekunde, na hakuna mtu anayepiga kitu. Nilikuwa nayahesabu mapigo hayo, yanapungua, yanapungua, bado kidogo sauti zikutane, nikamulikwa tochi usoni! Mhudumu. Akainama: "Samahani mzee wangu, humu hairuhusiwi kulala." Nikamwambia, mwanangu, nasikiliza. Akajibu, "Basi sikiliza huku unaangalia." Sauti zikakutana wakati tukibishana. Sikuzisikia. Nauli, tiketi, na saa nzima ya kukaa kwenye kiti kigumu, vyote kwa ajili ya nukta ile moja, na nukta yenyewe ikaenda na tochi. Mpigapicha wenu naye alikuwa ameshapata chake.

Mwandishi wenu angeuliza kidogo angejua kwamba macho ni mwizi wa masikio. Mwaka 1976 wanasaikolojia McGurk na MacDonald walionyesha jambo hili kwa filamu: mdomo unatamka "ga", sauti iliyobandikwa ni "ba", na watu wazima wengi wakaapa wamesikia "da". Fumba macho, "ba" inarudi. Na muziki wenyewe wa namna hii ulianzia gizani, kwa namna ya kusema. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh alirekodi kwenye waya ngoma ya zar, ya kupunga pepo, jijini Cairo, kisha akaichezea sauti ile studioni mpaka ikabaki kivuli cha waimbaji. Miaka minne baadaye Mfaransa Pierre Schaeffer akazikatakata sauti za garimoshi jijini Paris, na watu wakazisikia redioni bila kuona hata behewa moja. Taarifa yenu haikumtaja hata mmoja wao. Ikamtaja mtunzi Mmarekani John Cage, maana hatajwi mwingine, eti mwaka 1952, kwa ule utunzi wake ambao mpigaji hapigi hata noti moja, "aliwapa watu kimya". Hakuwapa kimya. Aliwaachia sauti za palepale walipokaa, na kwa hizo hakuna haja ya kukodoa macho.

Halafu hilo neno "watazamaji". Nimelihesabu mara 11. "Wasikilizaji" hakuna hata mmoja. Najua, hata sisi wenyewe husema tunakwenda kutazama ngoma. Lakini ngoma ina mchezaji na jasho lake. Pale palikuwa na kijana ameinamia kompyuta kama karani wa mishahara.

Na mkiwa mnatafuta habari kweli, andikeni kuhusu zile taa. Mwanga unaowaka na kuzimika zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa cha kuchochewa na mwanga. Zile ziliwaka na kuzimika kwa kasi iliyonishinda kuhesabu, nami ni mtu wa kuhesabu kama ulivyoona. Onyo lilikuwepo, nakiri. Liliandikwa mgongoni mwa tiketi, kwa herufi za sisimizi, chini ya sharti la kutoingia na chakula. Yaani mhudumu ana tochi ya kumwamsha asiyelala, lakini hana sauti ya kumwambia mtu mlangoni, "Jamani, kuna taa." Nani alipanga hivyo?

Napendekeza haya. Wenye ukumbi watenge safu tatu za nyuma kwa wenye macho yaliyofumbwa, tiketi kwa nusu bei kwa kuwa tunatumia nusu ya onyesho. Kila mmoja apewe kadi ya kuning'iniza shingoni: SIJALALA. Anayekoroma avuliwe kadi. Na ninyi mchapishe sahihisho, ukurasa wa 9, kwa ukubwa uleule, lenye picha yangu nikiwa nimekodoa macho. Nitakuja kupigwa siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Ile ya kwanza wajukuu wameibandika mlangoni mwa chumba changu, wakaandika chini, "Tafadhali msimwamshe."

Wako,
Msikilizaji, safu ya 6, kiti cha 14