Shukrani kwa mzee mwenye taa ndogo

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikulipata, kwa hiyo asante yangu naitoa hadharani. Siku ya kutazama vyombo kabla ya mnada, hapa London, ulinikuta mbele ya bakuli la karne ya 13 kutoka Kashan, mji wa Iran, lenye michoro ing'aayo kama shaba. Ukaomba ruhusa, ukatoa taa yako ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho lakini hufichua marekebisho, ukanionyesha mwanga ulipobadilika: rangi mpya juu ya nyufa za kale, na ukingoni kipande cha bakuli jingine kabisa! Ukasema mabakuli mengi ya Kashan yamefika sokoni yakiwa yameungwaungwa hivyo, na kwamba muuzaji mwaminifu hulitaja jambo hilo mapema.

Kisha ukanieleza udongo wenyewe. Abu al-Qasim, wa ukoo wa wafinyanzi wa Kashan, aliandika mwaka 1301: sehemu 10 za kwatzi (madini magumu ya mawe na mchanga) iliyosagwa, 1 ya kioo, 1 ya udongo mweupe. Hilo sitalisahau.

Hukunidai chochote, na ulinisubiri nielewe. Siku hizi nauliza kwanza historia ya chombo, bei baadaye. Mungu akuzidishie afya, mzee wangu.