Nisiulizwe tena nitaacha lini vidonge

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Huu mwaka wa 12 naishi na baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupaa na kuporomoka kupita kiasi, bila kulazwa, na barazani sikosi kuulizwa: "Sasa si umeshapona? Dawa za nini tena?"

Anayeuliza hakuwepo usiku ule nilipokata vitambaa vya wateja 11 nikashona sare za shule za watoto wa mtaa mzima, bila kuagizwa na mtu. Usiku wa nne sijapata lepe la usingizi, wala siutaki. Nyumbani wakasema nimepandisha. Kupanda nilipanda kweli, ila si shetani. Ubani ulifukizwa, kombe nikanywa, na baada ya miezi miwili nikashuka hadi kuoga kukanishinda. Vitambaa vya watu nililipa mwaka mzima.

Dawa yangu ni lithiamu, chumvi ya madini ambayo daktari wa Australia, John Cade, aliandika habari zake mwaka 1949. Ina masharti. Napimwa damu mara kwa mara, maana ikizidi ni sumu, na figo na tezi ya shingo huangaliwa pia. Maji nayanywa hata bila kiu, hasa wakati wa kaskazi, jasho la Tanga mnalijua. Mwili ukikauka, dawa inarundikana damuni. Ndiyo maana Ramadhani sijiamulii kufunga, namuuliza daktari kwanza. Wanaonong'ona wakiniona na chupa ya maji mchana nimeshawasamehe. Na mgongo ukiuma, diklofenaki ya duka la dawa siigusi, kwani nayo hupandisha lithiamu.

Niliwahi kuacha mara moja, kabla ya miaka hii 12. Jirani, kwa nia njema kabisa, aliniambia vidonge vinakula figo, nami siku hizo najiona mzima wa afya. Kumbe uzima wenyewe ulikuwa wa vidonge! Wiki ya saba nikawa wodini.

Sisemi ni dawa tamu. Mkono unatetemeka kidogo, na kwa fundi hilo si dogo. Kila asubuhi mwanafunzi wangu hunitungia uzi kwenye sindano, akanipa, akarudi kwenye cherehani yake. Yeye hajawahi kuniuliza nitaacha lini.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga